Kaka anasaini wachezaji wa kwenye kompyuta, posa yangu haijibu

Asalaam alaykum nyote. Admin, jina langu lifiche, kaka yangu ana marafiki wengi humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, sijaolewa, naishi Ng'ambo, hapa mjini Unguja, na kaka yangu wa tumbo moja. Mimi nashona nguo nyumbani, yeye anafanya kazi bandarini. Wazazi wetu wametangulia mbele ya haki, na baba hakuacha ndugu wa kiume, kwa hiyo walii wangu ni kaka huyu huyu. Asiposema ndiyo, siolewi. Hasira zilishaniisha zamani, sasa hivi nimechoka tu.

Kaka si mtu mbaya, na msimseme vibaya. Baba alipofariki nilikuwa bado skuli, na yeye ndiye aliyenifulia sare na kunisuka nywele, tena vibaya mpaka wenzangu wakinicheka. Mpaka leo hajaoa, alisema kwanza mimi. Ndiyo maana jambo hili linaniuma na sijui nilishike wapi.

Miaka ya karibuni ameingia kwenye mchezo mmoja wa kompyuta. Anaendesha timu ya besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Hapa Unguja sijamuona mtu akiucheza, na kaka mwenyewe gongo hajawahi kulishika. Kazi yake ni umeneja, anapanga timu, ananunua na kuuza. Kila msimu timu zinachagua vijana wapya kwa zamu. Ukishamchagua kijana bado si wako, lazima umpelekee ofa na asaini kabla ya siku ya mwisho. Siku ikipita anarudi chuoni kwao na wewe umemkosa. Haya yote nimeyajua kwa kupeleka chai tu.

Basi Mungu akaniletea mchumba. Ni fundi mafriji wa Bububu, mkewe alifariki, mpole, anasali, na ananichekesha, jambo ambalo kwa umri huu nilishaacha kulitarajia. Hakutaka mambo ya vichochoroni, akaleta posa kwa heshima. Mjomba wake alitoka Mkokotoni kwa ajili hiyo. Kaka akampokea vizuri kwa halua na kahawa, akasema tutawajibu. Hapo sikulalamika, maana kwetu posa haijibiwi siku ile ile, itaonekana mtoto wa kike alikuwa amekaa mlangoni anangoja. Wakarudi mara ya pili, kaka akasema bado anaulizia. Anamuulizia nani, na Bububu nzima inamjua yule fundi? Nilipomkabili akanambia, "Mdogo wangu, mimi nnakuwekea heshima. Mwenye haja atarudi. Nikiwapa jibu upesi watakuona rahisi."

Wakaja mara ya tatu. Mjomba ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, alipanda ngazi zetu huku kashika ukuta. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia: "Mwanangu, sisi haraka hatuna, lakini na miguu ya kuja kila siku hatuna. Tupe jibu kabla ya Ramadhani. Ukinyamaza, tutajua umetukatalia, na kijana wetu tutamtafutia kwengine."

Kaka akajibu, "Inshaallah, mzee." Basi, ikaishia hapo.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilimkuta mezani na kompyuta yake, jasho linamtoka. Ilikuwa siku ya mwisho ya kusaini na kijana mmoja, mrusha mpira, alikuwa hajakubali. Kaka kashaongeza ofa mara mbili, na chakula hajakigusa. Nikamwambia, "Kaka, kula basi, wali unapoa."

"Ngoja kwanza. Huyu nkimchelewesha ananikimbia. Kijana mzuri hangojei mtu."

Jamani, nilisimama pale na jagi la maji mkononi. Nikamuuliza, "Na mimi je, kaka? Ramadhani hiyo inaingia."

Hata kichwa hakuinua. "Wewe si upo? Wewe unakwenda wapi?"

Mara yule kijana akasaini. Kaka akapiga meza, akacheka, akanishika mabega kwa furaha kama siku niliyofaulu mtihani, kisha akala wali wote. Mimi nikaingia chumbani nikalia, na nilipomaliza kulia nikatoka nikaosha vyombo.

Nadhani anaogopa kubaki peke yake na hajui kulisema. Ningelikuwa na uhakika ningelimwambia Bububu si mbali, nitakuja kila wiki nikupikie. Lakini kila nikianza, anasema tutazungumza. Jirani yetu, Bi mmoja mwenye busara zake, kanishauri niende kwa kadhi. Anasema walii akizuia bila ya sababu, kadhi anaweza kumuita, na ikibidi aniozeshe mwenyewe. Najua ni haki yangu. Lakini huyu ndiye aliyenilea, halafu mimi nimpeleke aulizwe mbele ya watu kwa nini kamzuia dada yake? Mtaani atapita vipi? Na mimi siku ya harusi yangu nitamtazama vipi?

Jana mchumba wangu alinipigia simu. Hakugomba. Akanambia, "Mjomba kashachoka. Mimi bado, lakini sitaki kukudanganya kwamba sitochoka." Ramadhani imebaki wiki mbili.

Nambieni, ndugu zangu, hasa mliokwisha kupita njia hii: niende kwa kadhi nimvunjie kaka yangu heshima, au ninyamaze nimkose mume? Nishaurini mtakavyo, hata mkinitukana nitasoma. Msinambie tu nisubiri, kwa sababu hilo nimelifanya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ndilo lililonifikisha hapa.