Matembele Kabla ya Mkasi

Nilijifunza kushona peke yangu, kwa video za simu, na nilizitazama kwa kasi maradufu. Ninakiri hilo kwanza. Niliona haya kutojua, basi nilitaka kujua upesi, na mshono uliopinda hata kidogo niliufumua mpaka kitambaa kikachoka.

Ijumaa ile nilikuwa ninamshonea mama mkubwa, dada wa mama yangu. Alikuwa amevaa nyeusi mwaka mzima tangu mume wake afariki. Kesho yake, kwenye misa ya asubuhi, angeonekana mbele ya familia yote akiwa ameivua, amevaa blauzi mpya ya kikwembe, kitenge chenye maua. Mimi ndiye niliyeomba kazi hiyo. Nilijigamba.

Umeme ulirudi saa nne asubuhi, na hapa mtaani kwetu Panda hujui utakaa muda gani. Nikakata mbio. Mkono wa kwanza wa blauzi. Karatasi ileile ya kukatia, mkono wa pili. Nilipoipima begani, nikaona kosa. Yote miwili ilikuwa ya kushoto. Sikuwa nimeigeuza karatasi nilipokata wa pili. Kingekuwa kikwembe chenye rangi pande mbili, ningepindua mkono mmoja tu na hakuna ambaye angejua. Hiki kilichapwa upande mmoja. Dukani walikuwa wameniambia ndicho cha mwisho, na kilichobaki hakikutosha hata kufunga kichwa.

Nikashika mkasi tena. Sijui nilitaka kukata nini. Mama mkubwa akaingia na fungu la matembele.

“Kuko nini, mutoto? Mashini ilikuuma?”

“Hapana, mama. Niko namalizia.”

“Weka mukasi. Kuya tutoe hii matembele maganda.”

“Mama, umeme utaenda.”

“Iende. Miye bwana yangu alienda. Umeme njo nini?”

Nikakaa. Unavunja kikonyo, unavuta ganda lake jembamba hadi kwenye jani. Ukiharakisha, linakatika na unaanza upya. Langu likakatika. Likakatika tena. Yeye alivuta yake polepole. Baada ya majani mengi ganda moja lilitoka zima, na nikasikia kwamba nilikuwa ninapumua.

“Mama, nilikosa. Nilikata mikono yote ya kushoto. Kitambaa ilikwisha.”

Vidole vyake vikasimama.

“Ulijua tangu wakati gani?”

“Mbele ya kuingia kwako.”

“Njo ulitaka kunificha.”

Nikashika jani jingine. Alitazama nguo nyeusi magotini mwake.

“Leta ile kipande.”

Tukakitandaza mkekani. Pamoja na mkono ulioharibika kingetosha mkono wa kulia, ila kwa kiungo, mshono wa kuunga vipande viwili, juu ya kiwiko.

“Itaonekana, mama.”

“Nani ataangalia?”

“Miye.”

“Basi utaangalia. Unga.”

Niligeuza karatasi. Nikaigeuza mara ya pili, nikaipima begani, nikaacha pini zikae kabla ya kukata. Umeme ulikatika katikati ya kiungo. Nikazungusha gurudumu la mashini kwa mkono, tundu moja moja, huku yeye akipika.

Asubuhi nilikaa nyuma yake kanisani. Maua hayakukutana kwenye kiungo. Nilitazama hapo misa nzima, jasho likinitoka. Baada ya misa watu wakaja kumkumbatia, na kila mmoja alimshika palepale, juu ya kiwiko. Nilihesabu nani ameangalia. Alipofika wa saba, hakuna aliyekuwa ameangalia; nikaacha kuhesabu, nikaingia kwenye foleni nami nimkumbatie.