Sindano Haipimi Macho

Mimi ni mtu wa nyumbani, rafiki yangu, na sioni haya kulisema. Kochi langu hapa Kihonda limefanya shimo lenye umbo langu, na mke wangu husema siku nikifa wanizike nalo, wasihangaike kupima kaburi. Juzi mwanamke huyo alinikokota mpaka kliniki ya macho. Nilipinga. Nilimwambia naona vizuri, gazeti nalisoma lote, mpaka matangazo ya misiba ya watu nisiowajua.

"Ndiyo twende sasa, baba, wakati unaona," akasema. "Ukishapofuka nitakupeleka kutazama nini?"

Mtaalamu akanitia matone, akaniwekesha kidevu kwenye mashine, akachungulia. Kisha akasema presha ya macho imeanza, ila tumeiwahi, matone yatatosha. Akauliza: kwenu kuna aliyepofuka? Mke wangu alikuwa anamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimeshikwa na hasira, maana nilikuwa nimemkumbuka bibi.

Bibi yangu mzaa mama aliishi juu milimani, upande wa Kinole, nami nilipelekwa kwake nikiwa mdogo, mama akibaki mjini. Ukitaka kuijua nyumba ile, anza na pua. Karafuu zimeanikwa kwenye mkeka, mdalasini umefungwa mafungu, fenesi limeiva kupita kiasi nyuma ya jiko na hakuna anayekubali kwamba ni lake. Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni, bibi anachemsha magimbi, anakoroga uji wenye iliki nyingi kuliko sukari. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji korongoni na kufukuza kuku kwenye karafuu. Zote mbili nilizifanya kwa uvivu ambao nimeutunza vizuri mpaka leo.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Kila kitu kilikuwa kinapanda mlima: redio kaseti, sabuni zenye harufu ya maua ambayo hayaoti kwetu, na hasa mitumba. Mjomba, mtoto mkubwa wa bibi, alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani mjini, akaanza kupandisha marobota ya nguo. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani. Nguo nyingi zilifika hazina vifungo. Bibi alikaa barazani akivishona, na kila mteja alipokuja, mjomba alisimama kando yake kama mwenye maonyesho.

"Mtazameni mama yangu! Uzi kwenye sindano mara moja tu, wala haulambi mara mbili. Vijana mnaweza?"

Kwetu kipimo cha macho kilikuwa hicho. Mtu anayetunga uzi ana macho, anayeshindwa amezeeka, basi. Wakubwa walisema, "Sindano haidanganyi."

Ilidanganya. Leo naambiwa ugonjwa ule hauumi wala hauwashi. Unaanza kula pembeni, unaiacha katikati mpaka mwisho, kama mtu anayekumegea shamba mipakani huku wewe unashangilia mahindi ya mlangoni. Bibi aliliona tundu la sindano. Asichokiona ni kilichokuwa kando ya mkono wake.

Na dalili zilikuwepo, tele! Alikuwa akipiga teke ungo wa pilipili manga, halafu anang'aka, "Nani kauweka njiani?" Ungo ulikuwa pale pale pa siku zote, lakini mchapwaji nilikuwa mimi. Nikihamisha ndoo, nachapwa kwa kuhamisha. Nikiiacha, nachapwa kwa kuiacha. Nilidhani ndiyo malezi.

Siku moja jirani yetu, mama mmoja muuza ndizi, alipita ubavuni mwa baraza, akaamkia, akanyoosha mkono. Bibi akaitika marahaba vizuri, akaendelea kushona. Ule mkono ukabaki hewani.

"Mnaona?" jirani akawaambia wenzake kule korongoni. "Nimempa mkono kaukataa! Tangu mwanawe auze suruali za Wazungu, sisi tumekuwa matope."

"Labda hakuuona," mmoja akasema.

"Hakuuona? Yule anayetunga uzi?"

Wakacheka, kesi ikaisha. Bibi akapewa sifa ya maringo, akaibeba bila kujua ilitoka wapi.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watafika misheni, bondeni, na wenye shida wajitokeze. Mjomba akapewa kazi ya kupanga watu wa kupanda lori. Asubuhi ile bibi alioga mapema, akavaa kanga zake za sikukuu, akakaa juu ya kinu akisubiri.

"Mama, unakwenda wapi?" mjomba akauliza.

"Nami wakanitazame tu."

"Wakutazame nini? Daktari anaendewa na mgonjwa. Wewe unatunga uzi, mama! Utawabania nafasi watu wanaopapasa kuta?"

Watu wa lorini wakaangua kicheko. "Bibi anataka kupanda gari tu!" Bibi naye akacheka, kwa maana mtu mzima akichekwa na watoto wake afanye nini tena? Akaingia ndani, akavua kanga za sikukuu, akatoka na sufuria la uji kuwagawia wanaokwenda. Walikunywa uji wake, wakaenda kutazamwa macho. Rafiki yangu, mpaka leo nikilifikiria lile sufuria natamani kulipiga teke.

Yeye peke yake ndiye aliyeelewa maana ya kupima. Mwenye kupapasa kuta alikwisha kuchelewa. Anayetunga uzi ndiye wa kuwahiwa. Sisi tulifanya kinyume, tena kwa majivuno.

Msimu mmoja baadaye, saa ya mchana, jua linawaka, bibi akakanyaga pembeni mwa njia ya shambani na kuporomoka ngazi mbili za matuta. Alivunjika mkono. Hospitali ya mjini walipotibu mkono, daktari mmoja mwenye akili akammulika macho. Akamwambia mjomba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki ni kidogo mno.

"Lakini anatunga uzi," mjomba akasema. Alikuwa analia.

Matone yakawa mara yapo, mara hayapo. Katikati nako kukafunga. Bibi aliishi miaka mingi gizani, akituuliza ukungu umefika wapi, nasi tunamwambia.

Sasa nyumba ile imeanguka, mikarafuu imekatwa, mjomba ametangulia. Iliki bado naipenda, ila haina harufu ile. Vyote hivyo sina la kuvifanya. Lakini mtaalamu alisema kitu hiki hutembea kwenye damu, na dada yangu anaishi kule kule milimani. Basi mimi, mtu wa kochi, nilikodi gari nikapanda.

Nilimkuta anachambua mchele.

"Siendi," akasema. "Nakuonea huruma, umeacha kochi bure. Naona mpaka sisimizi."

"Ndiyo maana nimekuja, panda!"

"Unanifokea mimi? Mimi ni dada yako mkubwa!"

"Shikamoo. Panda."

Alipanda. Amenuna kuanzia Kinole mpaka Mikese, mpaka tunaingia mjini, kila nikigeuka nakuta amenikazia macho kwa hasira. Nami sikumbembeleza. Anune tu hata mwaka mzima, maadamu ananinunia huku ananiona.