Macho Mekundu ya Bibi

Siku ambayo jirani yetu mama Kulwa alipita mbele ya mji wetu, yaani kaya yetu, bila kutusalimu, mwanangu, naikumbuka hata harufu yake. Huku kwetu Nkololo mtu anaweza kukunyima vingi, lakini salamu hakunyimi. Anayepita kimya ameshaamua jambo juu yako.

Mimi si mzee wa miaka mingi. Nimekuwa mzee kwa sababu walionitangulia waliondoka mapema. Baba na mama walipofariki niliacha shule ili nilime, na nyumbani tukabaki mimi, mdogo wangu Masanja, kitinda mimba wetu Limi, na bibi yetu mzaa baba. Masanja alifika chuo cha ualimu. Likizo ile alikuja na karatasi zake za saikolojia, mtihani ukimngoja, nasi tukawa tunachambua pamba uani, safi huku, fifi, ile chafu, kule, huku mimi nikimuuliza maswali.

"Hisi na utambuzi vinatofautianaje?"

"Hisi ni taarifa inayoingia kupitia macho, masikio, ngozi. Utambuzi ni akili kuipa taarifa hiyo maana."

"Na kujifunza kwa kuhusisha?"

"Ndama wetu hao. Wakisikia debe la pumba linagongwa wanakuja mbio, hata kama debe ni tupu. Debe ni kichocheo, mbio ni mwitiko. Wamezoea kuona viwili hivyo vikienda pamoja."

"Toa mfano wa mtu, si wa ndama."

"Dada, ungekuwa mtahini chuo kizima kingehama."

Tulikuwa tunacheka hivyo mama Kulwa alipopita, mtoto wake mchanga mgongoni. Bibi akatoka jikoni akifuta machozi ya moshi. "Mwadila, mayu!" akamsalimu kwa Kisukuma. Mama Kulwa hakuitikia. Alivuta kanga akamfunika mtoto uso, akaongeza mwendo.

Limi ndiye aliyerudi na habari kutoka kisimani. Yule mtoto alikuwa anachemka homa na pikipiki imeshaitwa kumpeleka hospitali Bariadi. Na wanawake kisimani walikuwa wanasema kwamba juzi Bibi alimbeba. Walikuwa wanasema, "Macho yale."

Mwanangu, kama hujakulia huku utaona hayo ni maneno tu. Sisi wa huku tunajua yanakoishia. Bibi alikuwa amepikia mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba tangu ujana wake, katika jiko lisilo na dirisha, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya vikongwe wengi wa huku. Na wapo vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya wekundu huo, na aliyeinua panga aliamini kabisa kwamba anaokoa watoto.

Tulipokaa kula, Bibi alimpa Masanja bakuli la maziwa ya mgando. Masanja akalipokea, akaliweka chini. "Nimeshiba," akasema, naye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Limi alimtazama kaka yake, kisha naye akarudisha mkono.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Watu wa nje wakisema, tunaweza kuwajibu. Lakini wakisikia kwamba hata wajukuu hawali mkononi mwake, nani angesimama upande wake? Bibi aliinama akajifanya anatafuta kijiko. Alikuwa ameelewa.

Alipotoka, nikamwambia Masanja, "Niliomba mfano wa mtu. Huu hapa."

Akalitazama bakuli. "Najua jibu, dada. Mtoto kabebwa, mtoto kaumwa, tumeviunganisha. Macho ni mekundu tu, maana tumeyapa sisi. Ningeulizwa kwenye mtihani ningeandika yote. Lakini tumbo linaogopa."

"Hata langu linaogopa," nikamwambia, wala sikumdanganya. Nikanywa nusu ya maziwa, nikampa bakuli. Alikunywa akabakisha kidogo. Limi akamalizia.

Asubuhi nilimweka Bibi uani, penye upepo, nikaita majirani waje kutusaidia kuchambua pamba kwa chakula, kama ilivyo desturi. Walikuja wachache, wakakaa mbali naye. Mimi na Masanja tukaingia kwenye lile jiko, tukawasha mavi na vijiti, tukapika hadi jua likasimama. Moshi ule unachoma kama pilipili. Nilipotoka na ugali, macho yakiwa mekundu, shangazi wa mama Kulwa, mtu wa utani sana, akapiga makofi.

"Yoo, Kabula! Jana ulikuwa mtu, leo umeshakuwa mchawi?"

Watu wakacheka. Masanja akatoka nyuma yangu na mboga, macho yake mekundu kuliko yangu, kicheko kikazidi. Kisha kikakatika ghafla, maana kila mmoja alisikia kilichosemwa. Shangazi yule akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Alibeba rundo lake la pamba akaenda kukaa karibu na Bibi.

Mtoto wa mama Kulwa alipona. Ilikuwa malaria. Mama yake aliporudi kutoka Bariadi alisimama mbele ya mji wetu akasalimu, na Bibi akaitikia kana kwamba hakuna lililotokea. Baadaye tulimtobolea jiko dirisha.

Lakini nikuambie kinachonitisha mpaka leo, mwanangu. Mtoto yule angeweza kufa. Dawa ingeweza kuchelewa, pikipiki ingeweza kuharibika njiani. Bibi angekuwa yule yule, hana hatia vile vile, na mimi sijui kama dirisha na ugali vingetosha.

Kwa hiyo usingoje mgonjwa apone ndipo uamini kwamba jirani yako hana kosa. Unaposoma hayo ya hisi na utambuzi, usiyaache kwenye karatasi ya mtihani. Yajaribu siku ambayo tumbo lako mwenyewe linaogopa. Jiulize macho yako yameona nini hasa, na nini umekiongeza wewe. Ukipewa chakula na mkono ambao watu wananong'ona juu yake, kula, tena kula hadharani.

Mungu akupe macho yanayoona mtu kabla ya kuona hofu. Uzeeke, mwanangu, uzeeke mpaka macho yako yawe mekundu, na watoto waje kukusalimia.