Sare Niliyoifumua

Karatasi ya kanuni ilifika nyumbani siku kumi kabla ya ukaguzi, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu la binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na huo ulikuwa muhula wake wa pili katika kikosi cha wanamaji chipukizi cha shule yake, shule ya kawaida ya Kichina ya mtaani, si mbali na Sanyuanli, ambako yeye peke yake ndiye aliyekuwa mtoto wa kigeni. Muhula wa kwanza makadeti hufundishwa kusimama, kugeuka na kufunga mafundo ya kamba. Muhula wa pili hupelekwa pwani ya Nansha kupanda boti ya mafunzo kwa siku nzima. Lakini hapandi boti yule ambaye sare yake haikupita ukaguzi, na ukaguzi ni mmoja tu. Asiyepita hungoja mwaka unaofuata. Sisi tulikuwa tumekwisha kupanga kurudi Dar es Salaam kabla ya mwaka huo unaofuata, kwa hiyo kwake hakukuwa na kungoja.

Kusoma Kichina nilijifunza mwenyewe, kutoka maandishi ya kwenye makatoni. Ni kisomo chenye mapengo: najua kusoma “weka mbali na maji” na sijui kusoma shairi. Nilikaa na karatasi ile na kamusi, nikaandika kanuni zote kwa Kiswahili kwenye daftari. Zilikuwa kumi na moja. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi. Tepe mbili za nyuma ya kofia zilingane. Mikono ya shati iwe na mstari mmoja wa pasi, si miwili. Kucha, viatu, soksi. Nywele zisivuke kola. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nguo isiwe nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo nilipoteleza.

Kazi yangu ni kununua nguo za jumla. Kwa miaka mingi nimepita kwenye majengo ya barabara ya Zhanqian nikichagua mashati, suruali na sare za shule za kupeleka nyumbani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukataa. Unashika nguo, unaipeleka dirishani kwenye mwanga wa jua, unavuta mshono, unahesabu nyuzi. Mkono wangu umezoea kutafuta kasoro kiasi kwamba hata nikienda kwenye harusi hukagua suti ya bwana harusi.

Sasa nikaweka mezani shati la kikosi: jeupe, lenye kola pana ya bluu inayoshuka mgongoni. Kitambaa chembamba, kimechoka kabla ya kuvaliwa. Mshono wa hatua ndefu, wa mtu mwenye haraka. Na kona ya kushoto ya kola ilishuka nusu kidole chini ya ile ya kulia. Niliipima kwa futi mara tatu.

“Hilo siyo robota lako, baba watoto,” mke wangu alisema. “Liache.”

“Huu ni ukaguzi. Wataona kola.”

“Waliolitoa ndio haohao wanaolikagua.”

Alikuwa amesema jambo lote, nami sikulisikia. Nililipeleka shati kwenye karakana ya mama mmoja wa Kichina niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu. Tunamwita lauban, yaani tajiri, kama anavyoitwa kila mwenye duka. Nikamwomba anishonee jingine kwa kitambaa cha daraja la kwanza, na kola ainyooshe. Desturi ya karakana inajulikana. Huwapi maelezo, unawapa nguo. Wao wanaifumua mshono kwa mshono, wanalaza vipande juu ya kadi, wanachora, wanakata. Nilijua hivyo. Nilimwona akifumua, nikanywa chai yake.

Shati jipya lilitoka baada ya siku nne. Sijawahi kununua shati kama lile, maana halina soko. Hakuna mteja atakayekubali kulilipia mshono wa namna ile. Kola ilikaa sawa kabisa. Lilikuwa jeupe pe.

Jumatano binti yangu alilivaa kwenye mazoezi. Alirudi akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka mbele yangu.

“Mwalimu amesemaje?” nikamuuliza.

“Mwalimu kwanza hakusema. Wenzangu ndio walisema.”

“Walisemaje?”

“Wameniita balbu.”

Mama yake alicheka, kisha akajizuia. Binti hakucheka.

“Wanasema nimewashwa. Nikisogea wanaulizana nani ameacha taa. Halafu mwalimu akaniweka mwisho wa mstari, akasema Jumamosi nije na shati nililopewa. Hili halikaguliwi.”

“Lakini hili ni bora.”

“Baba, mimi naonekana tayari. Tangu darasa la kwanza naonekana. Sikuhitaji taa.”

Nilitoa daftari langu la kanuni, nikaanza kumwonyesha kwamba hakuna hata moja niliyoivunja. Akaniangalia mpaka nikalifunga.

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda shuleni kuuliza kama naweza kupata shati jingine. Hayakuwapo. Mashati huletwa kwa idadi ya watoto, na yatakayofuata yangekuja muhula ujao. Kutoka hapo nikaenda karakana moja kwa moja. Lauban alipekua chini ya meza ya kukatia, akatoa mfuko wa plastiki. Vipande vyote vilikuwamo, tisa, vimelala kama karatasi.

“Lishone tena,” nikamwambia.

Alicheka kwanza. Kisha akanionyesha chumba kizima: mafundi wake wote walikuwa juu ya jaketi za oda iliyotakiwa kupakiwa keshokutwa. “Mei you shijian,” alisema, hana muda. “Na nani anashona nguo iliyofumuliwa? Inafumuliwa ili ife.” Lakini hakunifukuza. Alinielekeza kwenye cherehani iliyokuwa bure karibu na dirisha. “Pengyou, wewe si kila siku unatufundisha kushona? Haya, shona.”

Pengyou ni rafiki. Ndivyo wanavyotuita sote sokoni, hata wanapotukasirikia.

Kushona pia nilijifunza mwenyewe. Miaka ya nyuma mzigo wangu mmoja wa mashati ulifika nyumbani ukiwa umepasuka kwapani. Nilifumua mashati kadhaa kutafuta sababu, kisha nikayarudishia mshono, na tangu hapo kila msimu wa kazi chache nilikuwa naomba cherehani kwa lauban. Nilijua pindo, mikono na mbavu za shati. Kola ya mwanamaji sikuwahi kuigusa.

Jambo lililoniokoa ni kwamba kitambaa hakisahau upesi. Kilichofumuliwa hubaki na matundu ya sindano, safu ya vidoa vidogo kama vya kalamu isiyo na wino, na alama za mikunjo ya zamani. Nilivilaza vipande dirishani, nikaviona vizuri. Nikalegeza hatua ya mshono mpaka ikawa ndefu na mbaya kama ile ya kiwanda, nikajaribu kwenye kitambaa chakavu, nikalinganisha kwa rula. Uzi nilichagua wa zamani, uliofifia. Kisha nikaanza kushona taratibu, nikizungusha gurudumu kwa mkono mahali pa kona, sindano ikiingia tundu kwa tundu. Mabega yalikamilika kabla ya chakula cha mchana, mbavu na mikono alasiri. Nikawaacha mafundi na jaketi zao nikarudi nyumbani.

Ijumaa asubuhi ilibaki kola. Niliishona kwa saa mbili. Nilipoinua shati, lauban alikuwa amesimama nyuma yangu anatafuna mbegu za alizeti.

“Umeitengeneza,” alisema.

“Ndiyo.”

“Nani alikwambia utengeneze?”

Sikumwelewa mpaka nilipotazama kwa macho ya kazi. Kona mbili za kola zilikuwa sawasawa. Matundu ya zamani yalikuwa yanaonekana wazi upande wa kushoto, nusu kidole chini ya mshono wangu. Mkono wangu ulikuwa umeyaruka bila kuniuliza. Nikatoa simu, nikafungua picha ya kikosi ambayo shule ilitutumia wazazi, nikaikuza. Mtoto wa kwanza, kona ya kushoto imeshuka. Wa pili, imeshuka. Mstari mzima, imeshuka nusu kidole, kwa sababu kosa halikuwa la fundi mmoja mwenye haraka. Lilikuwa kwenye pateni yenyewe, ile kadi ya kukatia. Katika mstari ule, kola iliyonyooka ndiyo ingekuwa kasoro.

Nikafumua, nikashona tena, na tena ikatoka sawa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Ilinitia hasira. Nimeishi kwa kukataa kola za namna ile, na sasa vidole vilikataa kutengeneza moja. Lauban aliwaita mafundi wawili waje waone mtu asiyeweza kukosea.

“Fumba macho,” mmoja wao alinishauri, na wote wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Mara ya tatu sikuangalia kola kabisa. Niliangalia tundu moja tu, lililo mbele ya sindano, kisha lililofuata. Nilipofika mwisho nikakata uzi, nikapima. Nusu kidole. Nilisimama na shati lile baya mkononi, nikahisi furaha ambayo shati zuri halikunipa. Mchana nikaenda swala ya Ijumaa nikiwa nimelibeba kwenye mfuko, sikutaka kuliacha popote.

Alasiri ile binti yangu alipiga pasi mwenyewe. Hiyo ilikuwa kanuni ya tisa: kadeti hupiga pasi sare yake. Nilikaa kitandani, mikono nimeikalia.

“Mvuke kidogo upande wa…”

“Baba.”

Alipiga mstari mmoja kila mkono, si miwili. Kisha mama yake akamkalisha sakafuni akamsuka twende kilioni, nyembamba na za kulala, ili kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi bila kuinuliwa na nywele.

Jumamosi wazazi tulisimama nje ya uzio wa uwanja. Mkaguzi alikuwa mwanamaji mstaafu, mfupi, mwenye rula ndogo mfukoni. Alipita polepole. Kijana mmoja alitolewa kwa sababu ya tepe ya kofia, mwingine kwa viatu. Alipofika kwa binti yangu akapima kofia, akatazama kucha, akasogea kando kama anayepita, halafu akarudi. Akageuza ukingo wa kola akatazama ndani. Kidole gumba chake kilipita juu ya mshono, kikarudi. Mtu yule alikuwa anajua nguo. Niliona amegundua.

Akamwuliza kitu. Binti yangu akajibu kwa sauti ya kikosi, nami nilisikia hadi uzioni: “Baba yangu.”

Mkaguzi akainua macho akatupitia sisi wazazi mmoja mmoja, na haikuwa kazi ngumu kunipata. Sikujua niinamishe kichwa au nifanyeje. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu. Kisha mkaguzi akarudi nyuma hatua tatu, nne, akafinya macho, akautazama mstari wote kwa pamoja, kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi.

“Hege,” alisema, na akaenda kwa mtoto aliyefuata.

Neno hilo liko kwenye kikaratasi cha kila nguo inayotoka kiwandani hapa: imepita. Nimelisoma maelfu ya mara bila kulitazama. Mke wangu akaniuliza amesemaje, nikamwambia limepita. Akapiga kigelegele kimoja kifupi, na wazazi wa Kichina waliokuwa karibu yetu wakageuka, kisha mmoja wao akaanza kupiga makofi kana kwamba ndiyo ratiba.

Jumapili waliondoka na basi la shule kabla ya saa moja asubuhi. Jioni tulimpokea getini. Alikuwa amechomwa na jua, sauti imekauka, na alianza kusimulia kabla hajatufikia: alitupa kamba ikashika mara ya pili, meli ya makontena ilipita karibu hadi boti yao ikayumba, kijana mmoja wa waliomwita balbu alitapika. Kifuani mwa shati palikuwa na doa jeusi la grisi, pana kama kiganja.

Mama yake akalishika. “Hili litatokaje?”

“Halitoki, mama,” binti yangu alisema, akijitazama kifua kwa furaha. “Tunalo wote, hapo hapo. Ndipo kamba inapopita.”