Neno Nililojifanya Silijui

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu wa karakana ya ndege pale Dar es Salaam alinipa bolti moja na lenzi ya kukuzia, akaniambia nitafute ufa. Nilitafuta mpaka macho yakaniwasha. Ilipofika saa sita nikamwambia nimeuona.

"Uko wapi?"

"Hapa, karibu na kichwa."

Akacheka. "Bolti hii ni mpya, nimeitoa kwenye karatasi asubuhi. Umeona ufa kwa sababu umeona nataka uuone. Kijana, tabia hiyo itaua mtu."

Niliudhika siku nzima. Lakini mzee yule alinisoma vizuri kuliko nilivyojijua: mimi ni mtu wa kumpa mkubwa jibu analolitaka. Nilikwenda na tabia hiyo Mwanza, nikafanya miaka mingi kwenye ndege ndogo, nikapandishwa cheo hadi kuwa mkaguzi. Mwisho nikaletwa Kibondo, kwetu huku juu, kukagua jairoplani mbili za doria ya wanyamapori.

Jairoplani ni chombo cha watu wawili. Injini iko nyuma, inasukuma. Pangaboi kubwa la juu halizungushwi na injini likiwa angani. Upepo ndio unalizungusha, nalo ndilo linalokubeba. Mapanga yake mawili yameshikwa katikati na kipande cha aluminiamu tulichokiita kiungo, na kiungo kina matundu ya bolti. Hapo ndipo pa kuogopa. Chukua waya wa uzio, ukunje huku na huku. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya kumi, halafu ghafla umebaki na vipande viwili mkononi. Huo ndio uchovu wa chuma, na kiungo kinakunjwa hivyo kidogo kidogo kila mzunguko.

Ufa mchanga hauonekani kwa macho. Unapaka rangi nyekundu nyepesi, unasubiri ipenye, unaifuta yote, kisha unapuliza unga mweupe. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha ndani inarudi juu na kuchora mstari mwekundu kwenye unga. Asubuhi za Kibondo zina baridi, rangi inakuwa nzito, kwa hiyo lazima usubiri zaidi. Fundi anasaini kwanza, mkaguzi anasaini juu yake.

Fundi wangu alikuwa Konsolata. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakaishi kambini, baadaye wakapata uraia, naye akasoma kwa taabu mpaka akapata leseni. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yangu. Akishangaa kitu, Kirundi kilimtoka katikati ya Kiswahili.

Asubuhi moja Meneja wa Kituo alikuwa mlangoni, koti mkononi. "Mzee, wageni wa makao makuu wako njiani, wanataka kuona doria. Jairoplani ina shida, haina?"

Konsolata alikuwa ameinama juu ya kiungo. "Mzee, njoo. Hapa pamesatuka."

Nikaenda. Pembeni mwa tundu la bolti palikuwa na mstari mwekundu, mfupi kama punje ya mchele. Niliuona, jamani! Nikachukua kitambaa nikaufuta.

"Huo ni uzi wa kitambaa. Saini."

"Mzee, turudie mara moja tu."

"Binti, saini. Watu wanasubiri." Nikamgeukia Meneja: "Haina shida."

Akasaini. Nami nikasaini.

Wageni walitazama doria kutoka chini wakaondoka wameridhika. Siku ya tatu rubani akiwa peke yake juu ya Kumsenga, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake. Akaishusha kwenye shamba la mihogo, ikapinduka, akavunjika nyonga. Hakuruka tena. Tulipofungua kiungo, ufa ulikuwa umetambaa hadi tundu la pili. Hata lenzi haikuhitajika.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Kasulu. Konsolata akasimama akasema, "Nilimwambia Mzee kwamba pamesatuka. Akafuta."

Mwenyekiti akanigeukia. "Neno gani hilo?"

Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Nilisema: "Silijui, Mwenyekiti. Hawa waliotoka kambini wana Kiswahili chao. Nilidhani anasema pamesafika."

Silijui! Mimi Muha, mzaliwa wa Muyama, na Kiha na Kirundi ni ndugu, neno hilo ni moja! Mama yangu alilisema kila chungu kilipopasuka motoni. Konsolata alijua kwamba nalijua. Wale mabwana wakaandika kwamba fundi hakutoa taarifa kwa lugha inayoeleweka. Akanyang'anywa leseni. Mimi nilistaafu kwa heshima, na kwenye sherehe yangu Meneja akanisifu kwa umakini. Nikapiga makofi pamoja na wengine, mtu mzima, sina hata haya.

Sasa naishi Kasulu. Majirani huniita Injinia, na kila wakiniita natamani ardhi inimeze. Mwaka huu nilichoka, nikaenda Titye, ambako Konsolata anatengeneza mashine za kusaga. Nilimkuta ana grisi hadi kwenye viwiko. Akanikaribisha kiti.

"Shikamoo, Mzee."

Marahaba sikuistahili. Nikaanza: "Konsolata, nimekuja kusema ukweli. Siku ile nili..."

Akainua mkono. "Mzee, mimi usiniambie. Mimi nilikuwepo. Kawaambie wasiokuwepo."

Kisha akarudi kwenye mashine yake.

Barua ya kuungama kwa wakubwa nimeipeleka mwenyewe. Wakitaka vyeti vyangu, wavichukue. Lakini ninyi mafundi vijana nanyi hamkuwepo, basi sikieni: ufa ule aliuona Konsolata, akausema kwa lugha ya mama yangu, na mimi nikasema silijui.