Mkomunisti Aliyekwenda Kuposa Chole

Aibu hii nilikuwa nimeshaizika, lakini leo mmenibana, basi chekeni mapema tumalize.

Mnajua kwenye posa mwenye kuposa hasemi, wasemaji ni washenga. Mimi nikang'ang'ania kumfuata baba mkubwa hadi Chole, kule Kisarawe, kwa wazazi wa Mwanahawa, nikaahidi kukaa kimya kama gunia la mkaa. Nilikaa hivyo hadi chai ilipoletwa, na baba yake, Mzee Kondo, akauliza huyu kijana ni mtu wa namna gani. Kabla baba mkubwa hajameza andazi nikadakia, maana kwetu Tangini, pale Kibaha, vijana tunazibua mitaro na kuchimba makaburi na hizo tunaziita kazi za komyuniti, sasa mtu wa komyuniti ataitwaje kama si mkomunisti? (Msinitazame hivyo, neno lilikuwa linanukia usomi.)

"Mzee, mimi ni mkomunisti."

Mzee Kondo, ambaye ujana wake wote ulikuwa enzi za ujamaa, akaweka kikombe chini. Akauliza mkomunisti hasa, yule ambaye mali zote ni za wote? Nikaona kumbe mzee ananielewa, nikazidi kunoga, nikamwambia kwetu jirani akitaka kitu anaingia tu anachukua. Baba mkubwa akanifinya paja, nikadhani ananipongeza.

"Na mke je?"

"Mke ndiyo usiseme, mzee. Akifika tu Tangini anakuwa wa mtaa mzima."

Nyuma ya pazia sinia likaanguka. Mzee Kondo akasimama taratibu, akavaa kofia yake.

"Binti yangu si shamba la ujamaa," akasema, na posa yetu ikarudishwa hapo hapo, chai haijapoa.

Njiani baba mkubwa ndiye aliyenieleza maana ya lile neno, akaongeza kwamba kwa wazee wengi mkomunisti ni mtu asiyemjua hata Mungu. Nilitaka kulia, kwa sababu Mwanahawa nilimpenda kweli na simu yangu alikuwa hapokei. Kesho yake akapokea, nikamweleza nilichokusudia, akacheka mpaka pumzi zikamkatika, kisha akaenda kumweleza baba yake. Washenga wakaruhusiwa kurudi, kwa sharti kwamba mimi nibaki Kibaha.

Nikaapa sitatamka tena neno nisilolijua, na mbele ya wakwe sitatamka lolote. Kiapo nikakishika vizuri mno, maana siku ya ndoa sheikh aliniuliza kama nimekubali kumuoa Mwanahawa nikanyamaza, akauliza tena nikanyamaza, watu wakaanza kutazamana, hadi baba mkubwa akaniinamia sikioni.

"We mpumbavu, hapa ndipo unaposema."