Papa Ambaye Alarmi Haikumwona

Kama umekuja kunicheka, cheka sasa umalize, maana nitakayokueleza niliyaona kwa macho haya, tena jua likiwaka, pale Kalundu, kwa Mama Asende. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimechoka tu, na hasira imenijaa.

Mama Asende ni mjane, anaishi peke yake. Kila jioni alikuwa anasikia mtu anasukuma lango lake, akitoka haoni mtu. Akafikiri ni wezi. Mtoto wake aliye Ulaya akamtumia alarmi, pamoja na kisanduku wanachokiita domotiki, kinachowasha taa na kufunga lango chenyewe. Kazi yangu mimi fundi ilikuwa kuviunganisha: mwizi akipita mbele ya jicho la ukutani, king'ora kilie, taa zote ziwake, lango lijifunge.

Rahisi, sivyo? Niamini, vitu vile viwili vilikataana kama wake wenza. Alarmi ikilia, kisanduku kimya. Kisanduku kikiwasha taa, alarmi imelala. Na yule mtoto wa Ulaya kwenye simu: "Zima, washa tena!" Nilizima, nikawasha, mpaka kidole kikaniuma.

Mwishowe vikaelewana. Nikatafuta mtu wa kupita mbele ya jicho ili nijaribu. Nikageuka, nikamwona papa mmoja, mzee wa makamo, amesimama barazani, shati jeupe, viatu vimejaa udongo mwekundu wa milimani. Nikadhani ni ndugu wa nyumba.

"Papa, nisaidie, pita pale mbele."

Akapita. Kimya.

"Pita tena, polepole."

Kimya! Nikapanda ngazi, nikafungua lile jicho, nikalipangusa, nikalifunga. Pita tena, papa. Wapi! Mara kuku wa jirani akakatiza, king'ora kikapasua masikio, taa zikawaka mchana kweupe, lango likajifunga kwa kishindo. Wewe ungefanya nini? Mimi nililaani kiwanda kizima.

"Papa, hiki kitu kinaona kuku, weye hakikuoni?"

Akajigusa kifua, akasema taratibu, "Minye hakitaniona. Umwambie Mama Asende asinifungie. Nimetembea toka Lemera."

"Toka Lemera, kule milimani, kwa miguu? Basi kaa, upumzike," nikamjibu huku nimeinamia waya zangu.

Mama Asende akatoka jikoni. "Weye iko unasema na nani?"

"Na huyu papa wenu wa Lemera. Anasema usimfungie."

Sahani ikamtoka mkononi. Nikageuka. Baraza tupu. Lango lilikuwa bado limefungwa, na simu ya kulifungua ilikuwa mfukoni mwangu. Sasa niambie, alipitia wapi?

Mume wake alifia Lemera, kwa ugonjwa. Mvua ilikuwa imekata barabara, wakamzika kulekule bila mkewe kumwona. Mama Asende akaketi sakafuni, katikati ya vipande vya sahani.

"Kumbe minye nilikuwa natafuta alarmi ya kumfukuza," akasema. "Toa. Toa yote."

Kazi yote ile, nikaing'oa! Leo lango lake halina hata komeo. Jioni linasukumwa, linafunguka, naye anaitika "Karibu" kutoka jikoni. Majirani wamenuna. Mtoto wa Ulaya amemwambia kila mtu kwamba niliharibu vifaa vyake. Mke wangu anataka niombewe kanisani. Nami hata leo, mtu akijitolea kupita mbele ya jicho, natazama viatu vyake kwanza.

Kwa hiyo wewe unayetaka alarmi nyumbani kwako, sikia. Mtu akipita na jicho likanyamaza, usikimbilie bisibisi. Mpe mkono kwanza. Ukishika hewa, acha waya, umsikilize mpaka amalize. Mimi niliinamia waya, na Mama Asende kila tukikutana sokoni ananishika mkono, ananiuliza kama mume wake hakusema neno lingine.